Kaunta buku, mizani na Socrates: mwongozo kamili wa kujifunza falsafa kwa ajili ya maisha ya kila siku

Mimi ni mchuuzi wa viazi. Nanunua Isyonje na vijiji vya juu huko Uporoto, nashusha soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na msimu ukikubali mzigo unafika Dar es Salaam. Falsafa sikuisomea chuoni. Nimeisoma kwa miaka saba hivi, kidogo kidogo, mara nyingi nikiwa kiti cha mbele cha Fuso linalosubiri kupakiwa, baridi ya mwezi wa sita ikipenya hadi ndani ya soksi. Anayetaka digrii aende tu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha falsafa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi zake, watoto, madeni na simu isiyonyamaza, ambaye hata hivyo anataka kujua anaishi namna gani.

Wengi huanza na kitabu. Wanapata orodha ya majina makubwa, wanapakua yote usiku mmoja, na wiki ya tatu wameshaacha. Mimi naona kitabu kinafaa kije kama fundi bomba: unamwita maji yameshaanza kumwagika.

Hatua ya kwanza: tafuta swali lililokuuma

Langu nililipewa shambani. Wanaofanya biashara hii wanaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake kinashonwa kipande cha gunia jingine na viazi vinaendelea kupanda mpaka gunia linaota nundu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa inazidi, tena kwa mbali, na bei inabaki ya gunia moja. Siku hiyo nilikuwa namsimamia kijana anayeshona ile nundu kwa kamba ya nailoni, sindano yake ndefu ikiingia na kutoka. Mama mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua vile vidogo vya mbegu. Hakufoka. Aliuliza tu:

“Mwanangu, hivi vya juu ni vya nani?”

“Vya gunia, mama.”

“Na gunia ni la nani?”

Nikacheka. Kijana naye akacheka. Mama hakucheka wala hakuinua uso. Tumefika Uyole bado natafuta jibu, na lile nililolipata njiani, kwamba soko zima ndivyo linavyofanya, lilinichefua hata mimi mwenyewe.

Swali la namna hiyo ndilo la kuanzia. Ulitambue kwa mambo matatu. Linahusu kitu unachokifanya wewe, si serikali wala shemeji yako. Jibu lake moja litakugharimu, iwe hela, iwe heshima, iwe usingizi. Na huwezi kulimaliza kwa kuuliza bei au kufungua simu. “Maana ya maisha ni nini?” liweke kando kwanza, ni kubwa mno na halina pa kushika. Bora uandike: kwa nini kaka akipiga simu kutoka nyumbani naigeuza simu kifudifudi? Mchango wa harusi ninaoutoa kwa kuogopa kusemwa, ni mchango au ni faini? Nikimchapa mtoto, namfunza yeye au naipoza hasira yangu?

Andika moja tu. Ukiandika kumi hutafanya hata moja, nimejaribu.

Hatua ya pili: daftari, na dakika kumi za usiku

Nunua kaunta buku. Simu haifai kwa kazi hii. Ukiishika kuandika utajikuta unaangalia bei ya vitunguu au picha za harusi ya mtu usiyemjua. Chagua saa ambayo nyumba imetulia. Kwangu ni baada ya watoto kulala, mkaa kwenye jiko ukiwa umebaki na joto lake la mwisho.

Desturi hii ni kongwe kuliko inavyodhaniwa. Seneca, Mrumi aliyewahi kuwa mwalimu wa mfalme Nero, anasimulia katika maandishi yake juu ya hasira kwamba kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza kwa kuwa anaijua tabia yake, huipitia siku yote mbele ya nafsi yake bila kujificha kitu. Alijifunza kwa mtu aitwaye Sextius, aliyekuwa akijiuliza kabla ya kulala: leo umetibu ubaya gani wako? Umekataa kosa lipi? Umekuwa bora upande gani? Huko China, Zengzi, mwanafunzi wa Confucius, alikuwa na matatu yake: nilipomfanyia mwenzangu kazi nilikuwa mwaminifu? Kwa rafiki zangu niliaminika? Niliyofundishwa nimeyafanyia mazoezi? Na wasomaji Waislamu hawahitaji kwenda mbali, kwa kuwa neno muhasaba, yaani kuifanyia nafsi hesabu, wanalo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi mnapatana masharti, mchana unamwangalia asije akakutorosha mtaji, jioni mnakaa kufanya hesabu. Mimi mchuuzi nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu garini. Mshirika wangu alikuwa ananiibia miaka mingi na sijawahi kumwomba risiti.

Usiandike riwaya. Mistari mitatu inatosha: nilichofanya, nilichojiambia wakati ule, ninachokiona sasa. Huu hapa ukurasa wangu mmoja, nimeunakili kama ulivyo:

“Jumanne. Dereva ameomba aongezwe kwa sababu tumekwama matopeni kwa saa nne. Nimemwambia sina, na elfu ishirini ilikuwa mfuko wa shati. Nilijiambia: nikimpa leo atazoea. Sasa naona: wale vijana wa kupakia walikuwa wanatazama, sikutaka kuonekana laini.”

Angalia kwamba hakuna “nilikuwa mchoyo” pale. Neno kama hilo ni hukumu, na hukumu hufunga kesi mapema. Andika mdomo ulisema nini, mkono ulifanya nini, hela ilikuwa mfuko gani. Ukiandika “leo nilikuwa mkali”, kesho hutajua ulimfanyia nani nini.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosa: Seneca hajichapi. Akishaona kosa anajiambia angalia usirudie, safari hii nakusamehe. Ukiona daftari limegeuka kuwa mahali pa kujitukana, acha wiki nzima, lala mapema. Na kama giza lenyewe haliondoki, usingizi haupatikani kwa majuma, chakula hakipiti, hiyo si kazi ya falsafa. Mwambie mtu wako wa karibu na uende hospitali kama ambavyo ungeenda ukivunjika mguu.

Hatua ya tatu: sasa soma, lakini kidogo na kwa Kiswahili chako

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Anza na utetezi wa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mahakamani kama ulivyoandikwa na mwanafunzi wake Plato. Ni hotuba ya mzee wa miaka sabini aliyehukumiwa kifo Athens mwaka 399 kabla ya Kristo kwa kosa, ukilitazama vizuri, la kuwauliza wakubwa maswali kama la yule mama wa Isyonje. Socrates mwenyewe hakuandika chochote. Inasomeka jioni mbili. Kisha kitabu kidogo cha Epictetus, chenye sura fupi 53, nyingine za mistari minne tu. Huyu alizaliwa mtumwa, alikuwa mlemavu wa mguu, na jina lake lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni “aliyepatikana”, kama unavyosema juu ya mali. Aliyeyaandika maneno yake ni mwanafunzi wake Arrian. Baadaye zichukue barua za Seneca na zile kumbukumbu ambazo Marcus Aurelius, mfalme wa Roma tangu 161 hadi 180, alijiandikia mwenyewe, nyingine akiwa kambini vitani. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, mwache mpaka uwe na mwaka mmoja, ni kama ugali wa dona, mzuri ila unataka meno.

Tafsiri za zamani zinapatikana bure mtandaoni, nyingi kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kidato cha nne kama changu, usiogope. Udhaifu huo una faida yake. Soma aya moja. Funga simu. Isimulie kwa Kiswahili, kwa sauti, kana kwamba unamweleza kondakta. Kisha jaribu kwa lugha ya nyumbani, Kinyakyusa, Kihehe, Kisafwa, Kibena, yoyote ile. Pale unapokwama ndipo ulipokuwa hujaelewa.

Nikupe mfano mmoja ulionichukua karibu mwezi. Vitabu vyote hivi vinazungumzia kitu ambacho kwa Kiswahili hutafsiriwa “fadhila”. Lakini fadhila kwetu ni nini? Ni wema niliokutendea unaopaswa kuukumbuka. Tunasema kulipa fadhila, tunasema fadhila za punda ni mateke. Ndani ya neno kuna deni. Neno la Kigiriki, *arete*, halina deni. Ni ule uzuri wa kitu kuifanya kazi yake barabara: arete ya kisu ni kukata, ya jicho ni kuona. Nilijaribu “wema”, likawa laini mno, maana kisu hakina wema. Nilijaribu “ubora”, likanukia dukani. “Uadilifu” ni kipande chake kimoja tu. Mwishowe nilimweleza mama yangu mzazi kwa Kinyakyusa, kwa kuzunguka, kwamba ni kile kinacholifanya jembe liitwe jembe na mtu aitwe mtu. Akasema kwa Kiswahili, labda ili nimwelewe vizuri, “Si useme utu?” Nikanyamaza. Ni kweli utu hautoshi kwa kisu wala jembe, lakini kwa mtu sijapata neno linalokaribia zaidi. Mwezi ule wa kuhangaika na neno moja ulinifundisha kuliko vitabu vitatu nilivyovikimbilia.

Neno falsafa lenyewe limesafiri kutoka Ugiriki kupitia Kiarabu, na asili yake ni kupenda hekima. Aliyeipata tayari hana haja ya kuitongoza.

Hatua ya nne: chora mstari katikati ya ukurasa

Epictetus anaanza kwa kusema kuna yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Yetu ni maamuzi, matamanio, namna tunavyoyachukulia mambo. Si yetu mwili, mali, sifa, vyeo. Chukua lile swali lako, chora mstari, gawanya. Mvua, bei ya dizeli, gari kuharibika mlima wa Kitonga: kulia. Nilivyomjibu aliyenipigia nikiwa na hasira ya gari: kushoto. Kwa mtu mwenye wasiwasi mwingi zoezi hili peke yake ni dawa.

Lakini lina mtego, na mimi niliingia mzima mzima. Upande wa kulia niliandika: “Bei na vipimo vya soko. Lumbesa ndiyo soko. Si juu yangu.” Nikalala vizuri karibu mwaka. Nikawa nanukuu hata kwa wenzangu, mchuuzi mwenye falsafa! Kumbe nilimtumia mtumwa wa zamani kuhalalisha viazi vya mama wa watu. Soko zima si langu, sawa. Gunia langu, sindano niliyoilipia mimi, kijana niliyemwajiri mimi, ni la nani hilo?

Kwa hiyo kila unapoandika kitu kulia, jiulize kama hapo ndani hakuna kipande unachokishika kwa mkono wako mwenyewe. Karibu kila mara kipo. Falsafa inayokufanya utulie mbele ya dhuluma unayonufaika nayo, itilie shaka kwanza.

Hatua ya tano: tafuta watu wawili wa kubishana nao

Peke yako utajidanganya kwa ufasaha. Sisi tulikuwa watatu, mmoja fundi cherehani wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya, mwingine mwalimu wa shule ya msingi, tukikutana Jumapili alasiri nje ya kibanda cha fundi. Kanuni zilikuwa chache: kabla ya kumpinga mwenzako rudia alichosema mpaka akubali ndicho, usitumie jina la mtu maarufu kama rungu, na tukiona sauti zimepanda tunakunywa chai kwanza.

Mchezo mzuri wa kuanzia ni methali. Zichukue mbili zinazogombana, haraka haraka haina baraka na chelewa chelewa utakuta mwana si wako, halafu kila mtu aeleze tukio la wiki hiyo ambapo ilibidi achague mojawapo, na alijuaje ni ipi. Utashangaa. Methali haziamui, zinatukabidhi tu kazi ya kuamua.

Mchezo mgumu zaidi ni wa Socrates: chukua neno ambalo kila mtu anadhani analijua, muombe alieleze, kisha tafuta mfano unaolivunja. Katika mazungumzo mojawapo Plato anamwonyesha jemadari Laches akisema ushujaa ni kusimama kwenye mstari wako vitani bila kukimbia. Mwalimu wetu, mzaliwa wa Iringa, alipolisikia hilo aliruka: “Basi Lugalo hapakuwa na shujaa!” Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa hawakupanga mstari kuwasubiri Wajerumani, waliwavizia, na kamanda wa Wajerumani hao, Zelewski, akafia pale. Tukabadilisha: ushujaa ni kuvumilia. Fundi akauliza, na mke anayevumilia kipigo miaka kumi? Hapo tulikwama, na Laches na wenzake nao walikwama, mazungumzo yale yanaisha bila jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kidogo. Hasira ile iliisha siku ya tatu, na kilichobaki ni kwamba siku hizi neno “kuvumilia” halinitoki kirahisi ninapomshauri mtu.

Wazee usiwasahau, ila uwaulize vizuri. Mkenya Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwatafuta wazee wenye hekima na kuhojiana nao, akawatofautisha wale wanaokariri mila kwa usahihi na wale wanaoipima mila yenyewe. Kwa hiyo ukimaliza shikamoo na habari za mifugo, usiishie kwenye “zamani mlifanyaje?” Uliza: “Babu, kuna desturi yoyote ya wazee wako ambayo uliikataa? Kwa nini?” Utamwona akikaa vizuri zaidi kwenye kigoda.

Kuhusu dini, kwa kuwa hapa Mbeya swali hilo huja kabla hujamaliza sentensi: kujichunguza hakujawahi kuwa mali ya wasioamini. Askofu Augustine wa Afrika Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliandika habari za maisha yake kama sala ya kujihoji. Mchungaji wako akiuliza unasoma nini, mwonyeshe.

Hatua ya sita: jambo moja, kwa muda mrefu

Aristotle anasema tunakuwa waadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Chagua tendo dogo linalotokana na swali lako, lifanye kila linapotokea, kwa miezi mitatu. Dogo kweli: kupokea simu ya kaka kabla ya mlio wa tatu, kutoshika fimbo kabla ya kunywa glasi ya maji. Kama umezoea kupinda upande mmoja, yeye anashauri ujivute kuelekea upande wa pili, kama mtu anyooshavyo mti uliopinda. Mchoyo ajilazimishe kuzidisha kidogo. Mtoa ovyo ajifunge mkono.

Mwendo wa miguu unasaidia pia. Nikienda Iringa kwa dada yangu huwa napanda Gangilonga alfajiri, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Halijawahi kuniambia kitu. Ila saa moja bila simu, mji unaamka chini, ukungu unaondoka polepole, huwa narudi na sentensi moja ya kuandika.

Kila baada ya miezi mitatu: soma daftari lako

Tumia kalamu ya rangi nyingine. Usisahihishe, weka tu alama pembeni kila unapoona sababu ileile imejirudia. Kwangu “wataniona” ilitokea mara kumi na tisa katika kurasa za msimu mmoja. Mimi nilikuwa nikiamini tatizo langu ni hela.

Tendo langu dogo lilikuwa mizani. Nilinunua ya kuning'iniza, naitundika kwenye mti au kwenye bodi la Fuso, napima mbele ya mkulima na kulipa kwa kilo. Msimu wa kwanza nilipata hasara, kwa sababu Mwanjelwa walitaka gunia lenye nundu na langu lilionekana limekonda. Madalali waliniita Mchungaji. Msimu wa pili nilipata wenye hoteli wawili wanaonunua kwa kilo, nikapumua.

Yule mama nilimrudia na mizani yangu, kifua mbele. Akanipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia mwaka huu ameshamuuzia mwenzangu mmoja anayelipa keshi palepale shambani, wakati mimi huwa nalipa nikishauza.

“Kwa lumbesa, mama?”

“Kwa lumbesa.”

Usiku ule niliandika mstari wa kwanza na wa pili. Wa tatu sikuuandika mpaka wiki iliyofuata, na unahusu siku ngapi huwa nakaa na hela za watu.